Rahisi Huvunja Upishi



Leo Jumapili usiku. Kazi ya saikolojia ya elimu inanitazama pale mezani na sijaandika hata mstari mmoja, lakini kuna jambo limenikaa kooni tokea Ijumaa, bora nilitoe kwanza. Jambo lenyewe ni mkaa. Ndio, mkaa! Msicheke kwanza, nisomeni mpaka mwisho.

Wanaonijua wanajua kuwa mie na mwenzangu wa chumba tunabanika mishikaki na samaki kila Alhamisi mpaka Jumamosi jioni, hapa hapa Mpendae, mbele ya nyumba tuliyopanga. Tuna pipa lililokatwa nusu, waya wa kubanikia, benchi moja na kibatari cha kuchaji. Hatukuanza kwa kupenda. Bumu likichelewa, kodi haichelewi. Na sasa tuko kwenye mazoezi ya kufundisha, kila siku nauli ya daladala kwenda skuli na kurudi, na mwalimu hawezi kwenda darasani na shati lisilopigwa pasi. Kwa hiyo ile mishikaki ndiyo inayotusomesha. Nasema hivyo ili muelewe kuwa ninapozungumzia bei ya mkaa sizungumzii mambo ya mandari ya pwani. Nazungumzia shahada yangu.

Haya. Mwaka jana mwenzangu alikuja mbio kuniambia kapata mkaa wa bei poa. Kwa pesa za mapolo matatu tuliyozoea kununua, tunapewa manne! Tukatoa akiba yote. Tulijiona wajanja kweli kweli, tukawa tunawacheka wenzetu wa pale njia panda wanaonunua ghali.

Ijumaa yake tukaupakia kwenye pipa. Jamani... Kwanza haukutaka kushika. Uliposhika ukawa unapasuka pa! pa! pa! cheche zinaruka mpaka kwenye kanga za wateja. Kisha ukaja moshi mzito wa njano, unauma macho. Vile vipande vikubwa vya juu ndani vilikuwa bado kuni, na nusu ya chini ya polo ilikuwa chenga tupu, pengine na mchanga ndani yake. Tukipepea, chenga zinaruka zinakaa juu ya nyama. Tukiacha kupepea, moto unalala. Mishikaki ikawa nje nyeusi, ndani mibichi. Watu waliokuwa wakisubiri na vikombe vyao vya urojo wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu za kwetu, "basi mwanangu, ntarudi kesho." Kesho hawakurudi. Nyama tulikopa buchani, deni tukalilipa wiki tatu.

Usiku ule tukakaa barazani tukapiga hesabu ambayo tungetakiwa kuipiga mwanzo. Polo moja la mkaa mzuri linatutosha jioni 6. Polo la ule mkaa rahisi lilitufikisha jioni 4, tena kwa taabu. Sasa hesabu na wewe: mapolo 3 mazuri ni jioni 18. Mapolo 4 rahisi ni jioni 16. Pesa zile zile! Hapo bado sijahesabu nyama iliyoharibika na wateja waliotukimbia. Wazee wetu walishasema, rahisi huvunja upishi. Sisi tukaivunja mpaka na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: bei ya mkaa haiko kwenye polo wala kwenye kopo. Bei ya mkaa ni pesa ulizotoa ugawe kwa vyakula ulivyoivisha. Anayekwambia "mkaa wangu rahisi" muulize, unaivisha samaki wangapi?

Na hilo unaweza kulijua kabla ya kutoa pesa. Tokea siku ile nikienda kununua nafanya mambo manne, na wauza mkaa wa Mwanakwerekwe sasa wananiita mwalimu kwa maudhi yangu.

Kwanza, uzito. Chukua vipande viwili vya ukubwa mmoja, pima mkononi. Mkaa wa mti mgumu kama mvinje ni mzito na unakaa motoni muda mrefu. Mkaa wa mti laini ni mwepesi kama sponji, unawaka haraka na unakufa haraka. Unafaa kwa chai, haufai kwa samaki mzima.

Pili, sauti. Maana maji nayo yana uzito, na mkaa uliolowa unakudanganya mkono. Gonganisha vipande viwili. Mkaa mkavu uliochomwa ukaiva unalia kama kigae, tin! tin! Ulio mbichi au uliolowa unasema pu. Wajapani wana mkaa wao maarufu, binchotan, wa mti mgumu wa jamii ya mwaloni, na wanausifu kwa jambo hilo hilo, kwamba ukigongwa unalia kama chuma. Kumbe masikio yetu na yao ni mamoja.

Tatu, vunja. Ndani uwe mweusi unaometa. Ukiona rangi ya kahawia, hiyo bado ni kuni, itakutoa machozi mbele ya watu.

Nne, tazama chini ya polo. Mwambie muuzaji kwa heshima, "ami, samahani, naomba unimiminie kidogo." Akikataa, nenda kwa mwengine. Vipande vya juu kila siku ni vizuri, kama nguo za sikukuu. Mambo yako chini.

Na ukishaununua usiuharibu mwenyewe. Sisi tulikuwa tunawasha kwa mifuko ya plastiki na mafuta ya taa, samaki ananuka kama kibatari. Karara kavu na makumbi ya nazi yanatosha, yapo kila mahali na hayana bei. Halafu subiri! Usiweke nyama mpaka makaa yavae majivu meupe. Ile harufu nzuri inayowavuta watu kutoka mtaa wa pili haitoki kwenye mkaa hasa, maana mkaa ulioiva hauna moshi wa maana. Inatoka kwenye mafuta ya nyama yanayodondokea makaa. Kwa hiyo moshi mzito mwanzoni ni dalili ya mkaa mbovu, msidanganyane kuwa ndiyo ladha.

Jengine, na hili si la mzaha. Masika yaliyopita mvua ilitukuta tunabanika, mwenzangu akalibeba seredani likiwa na makaa mekundu akaliingiza chumbani, akafunga dirisha maji yasiingie. Moshi haukuwapo hata kidogo, makaa mazuri yale. Baada ya muda kichwa kinamgonga, miguu haina nguvu, anataka kulala tu. Bi mkubwa wa chumba cha pili ndiye aliyeusukuma mlango akatufokea na kumtoa nje. Ile ni gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mkaa mzuri unaitoa kama mkaa mbaya. Inaua watu wamelala. Mkaa unaowaka hauingii chumbani, hata ikinyesha gharika.

Sasa nije kwenye lililonikaa kooni.

Miezi ya karibuni tulipata mkaa ambao, wallahi, sijawahi kuuona. Mzito, unalia, unameta, hauna chenga. Bei yake chini kuliko wote. Aliyetuletea alikuja baada ya Isha, na aliposema jina la mti alishusha sauti: "mkoko huu, kijana." Mwenzangu akanitazama, mie nikatazama pembeni. Tukanunua. Nikajiambia mti umeshakatwa, nikikataa mie atanunua mwengine. Na mishikaki yetu haijawahi kuwa mizuri kama wiki zile!

Ijumaa hii nilikuwa na Kidato cha Pili, somo la Jiografia, mazingira ya pwani. Nikataka kuwachangamsha, nikaanza na kima punju wa Jozani. Mnajua kuwa wale kima wanakula mkaa? Kweli kabisa, watafiti wameandika habari zao tokea miaka ya 1990. Wanaokota mkaa kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri, wanautafuna, na inafikiriwa kuwa unawasaidia kuzinyonya sumu za majani wanayokula, kama ya mwembe na mkungu. Darasa likacheka, likatulia, likanisikiliza. Nikasema Jozani na Ghuba ya Chwaka ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ya kwanza Zanzibar, na ndani yake imo mikoko. Nikaeleza mizizi ya mikoko inavyozuia pwani isiliwe na bahari, na kamba, kaa na watoto wa samaki wengi wanavyojificha humo mpaka wakue. Nikaeleza kuwa kwenye tanuri la udongo kilo 1 ya mkaa inakula kuni kilo 5 mpaka 10. Nikawaambia kuikata mikoko bila ya kibali ni kosa, sheria ya misitu ipo tokea 1996. Nilikuwa nimepamba moto!

Nyuma kabisa mkono ukanyooka. Mtoto wa Mpendae, namjua, huja kutumwa mishikaki na mama yake.

"Mwalimu, ule mkaa mnaobanikia wa mti gani?"

Hakuniuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama anayetaka kujua. Nikasema tutazungumza baada ya kipindi, na baada ya kipindi nikajifanya nawahi daladala.

Tangu Ijumaa nafikiri. Ile hesabu yangu nzuri ya jioni 18 na 16 ilikuwa na shimo. Nilihesabu pesa zangu, nyama yangu, wateja wangu. Sikuhesabu kinacholipwa na wengine. Mkaa wa mkoko ulikuwa rahisi kwa sababu aliyeukata hakuupanda, hakuusubiri na hakulipa kibali. Bei iliyobaki inamsubiri mvuvi wa Chwaka atakayetupa nyavu akapandisha majani. Tena fikirini, tulikuwa tunambanika samaki kwa mkaa wa nyumba aliyokulia! Kisha tunashangaa kwa nini samaki sokoni amepanda bei.

Najua mtakayosema. "We mwanachuo, maskini hana chaguo." Mie ni maskini huyo, na nusu ya maneno hayo nayakubali. Anayenunua kopo moja la mkaa jioni apike wali wa watoto simlaumu hata kidogo, wala sidhani kama hotuba ya mwanafunzi itamshushia bei ya gesi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo 2034. Inshaallah. Lakini mie sipiki wali wa watoto, mie nafanya biashara ya kubanika, na mfanyabiashara anayechagua mkaa kwa mapolo ana chaguo zaidi ya anavyojidai.

Chaguo lenyewe lilikuwa limetupwa mtaani. Vifuu! Wauza nazi wanakuna mchana kutwa na vifuu wanavitupa, ukiomba unapewa bure na shukrani juu. Mkaa wa vifuu una moto mkali na majivu kidogo, na mataifa mengine wanautengeneza na kuuza nje. Jana tumejaribu. Tumechukua debe lenye mfuniko, tumetoboa matundu chini, tumejaza vifuu vikavu, tumewasha uwanjani mbali na nguo za watu zilizoanikwa. Moshi mweupe mzito ukatoka kwanza, ulipokuwa mwembamba tukaliziba debe kwa udongo juu na chini, tukaliacha mpaka asubuhi. Usifungue likiwa moto, litawaka upya na utabaki na majivu (mwenzangu alifungua debe la kwanza, mnaweza kudhani yaliyotokea).

Sisemi ni mteremko. Vipande ni vyembamba, vinalaliana na kuziba hewa, kwa hiyo tunaviweka chini na juu yake vipande vichache vya mvinje vya kununua kwa haki. Kazi ni nyingi, mikono inakuwa myeusi, na nimefika kwenye kipindi cha asubuhi na kucha za fundi gereji. Kwa hesabu ya jana polo moja la mvinje likichanganywa na vifuu linaweza kuvuka jioni 6 zetu za kawaida. Nitajua vizuri mwisho wa mwezi.

Kesho Jumatatu nina kipindi na Kidato cha Pili tena. Nitaanza kwa kulijibu lile swali, mbele ya wote, lote, pamoja na zile wiki za mkoko. Naogopa kidogo. Lakini kama watoto wa kima wanajifunza kwa kuwatazama mama zao, watoto wa Mpendae nao wananitazama mie nyuma ya pipa kuliko wanavyonitazama mbele ya ubao.

Haya, narudi kwenye saikolojia. Alhamisi karibuni mishikaki. Na mkija, gonganisheni mkaa wetu wenyewe, msikie unavyolia.

Wasalaam.