Tukienda Kwenye Theluji, Tuchague Kijiji Gani?



Baadhi ya wenzetu wanaishi Ulaya na familia zao. Majira ya baridi yakifika, watoto huomba wapelekwe milimani kuteleza kwenye theluji kama wenzao wa shuleni. Mama akiangalia matangazo, kila kijiji kinavutia. Achague vipi? Tuchukue mfano wa jimbo la Valais, Uswisi, lenye vijiji vingi vya mchezo huo.

Kwanza, tuangalie nani anakwenda. Verbier husifiwa na watelezaji hodari kwa miteremko yake mikali. Zermatt, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478, ni pazuri mno, lakini ni ghali. Magari ya petroli hayaingii. Wageni huyaacha Täsch na kupanda treni. Kwa wenye watoto wadogo, afadhali Grächen au Bettmeralp. Bettmeralp hufikiwa kwa gari la kamba, na pana kanisa dogo la kusali. Miteremko hutambulishwa kwa rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya mabingwa. Anayeanza abaki kwenye buluu, tena na mwalimu.

Pili, urefu wa mahali. Kijiji cha juu kina theluji ya uhakika zaidi, lakini hewa yake ni nyepesi. Kutoka Zermatt, magari ya kamba hupandisha watu hadi mita 3,883. Mtoto akiumwa kichwa na kutapika huko juu, dawa ya kwanza ni kumshusha.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili halimo katika matangazo. Wengi wetu tuna selimundu katika ukoo. Baridi, upungufu wa maji mwilini na uhaba wa oksijeni huweza kuamsha maumivu makali kwa mgonjwa. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye siku zote ni mzima, bandama yake inaweza kudhurika mahali pa juu sana. Basi, akina mama, tusilipe hata senti kabla ya kujua hali ya damu ya mtoto na kumwuliza daktari wake. Daktari akikataa, tusibishane naye. Likizo haikosi mahali pengine.

Tatu, tuhesabu gharama yote kama mjenzi wa mnara katika mfano wa Bwana: chumba, tiketi za magari ya kamba, viatu na mbao za kukodi, mwalimu, na bima inayolipia hata helikopta ya uokoaji. Tusisahau kofia ngumu, miwani na mafuta ya jua. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayounguza. Ngozi nyeusi nayo huungua, na macho huumia. Namba ya gari la wagonjwa Uswisi ni 144. Kila mtoto mkubwa aijue.

Kijiji kizuri ni kile ambacho familia nzima itarudi nyumbani ikiwa na afya na shukrani. Mungu awalinde safarini.