Maji Yana Uzito: Jibu kwa Wanaosema Lualaba Haikauki



Tumelisikia mara nyingi neno hili: sisi wa Kinkondja, tunaokaa kando ya Ziwa Kisale, tuna maji tele, mafundisho ya kubana maji wapelekewe watu wa jangwani. Neno hilo tunalikataa. Wingi wa maji ziwani si wingi wa maji bombani.

Kila binti aliyejitwika bidoni ya lita 20 anajua kwamba amebeba kilo 20. Hayamwagi ovyo, kwani shingo yake inamkumbusha. Mjini mzigo uleule hubebwa na pampu, nayo pampu hula umeme. Kupandisha lita 1,000 za maji hadi kimo cha mita 100 kwahitaji zaidi ya robo ya kilowati-saa, hata kama pampu isingepoteza kitu. Nguvu hiyo yatosha kuwasha balbu ya wati 10 mchana na usiku. Basi bomba linalovuja humwaga maji na umeme pamoja.

Na umeme huo watoka wapi? Lualaba hii hii, kabla ya kutufikia, hupita katika mabwawa ya Nzilo na Nseke, karibu na Kolwezi, yaliyojengwa miaka ya 1950. Mto huzaa umeme, umeme hupandisha maji, nayo maji huishia mtaroni. Kisha twaambiwa kwamba umeme hautoshi, lijengwe bwawa jingine!

Sisi twasema: kwanza mabomba yazibwe. Mwaka 2015, ukame ulipozidi huko California, Marekani, serikali iliagiza miji ipunguze matumizi ya maji kwa robo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikadiria kwamba agizo hilo liliokoa pia umeme wa gigawati-saa 1,830 hivi. Maana maji yasiyotumika hayavutwi, hayasafishwi wala hayasukumwi.

Hatumwambii mama mwenye bidoni mbili kwa siku ajinyime. Yeye hana cha kubana. Twawaambia wenye mabomba, na hasa mashirika ya maji: wekeni mita badala ya bei ya kukisia, tumeni mafundi, wafundisheni wateja wenu. Umeme utakaookolewa usukume maji hadi mitaa isiyopata hata tone. Katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Basi anayeyaacha yamwagike amegusa haki ya jirani.

Nasi tuanzie nyumbani. Popote penye bomba linalovuja, parokiani au shuleni, tutege ndoo jioni, tupime asubuhi, tuandike hesabu, kisha tuipeleke kwa mwenye dhamana. Tusiondoke kwake mpaka atutajie siku ya kulitengeneza.