Kijiti Kibovu na Mizani ya Haki



Wapendwa waamini, juma hili ninawaalika tutafakari jambo ambalo huenda wazee wetu wa Ganako wataliona la kitoto: padi za kuchezea gemu. Katika vibanda vya gemu kijana hulipia mchezo. Kijiti cha padi kikiwa kimelika, mchezaji kwenye kioo hukimbia upande ambao hakuamriwa. Kijana hufungwa, fedha yake hupotea, na ugomvi huzuka. Mwenye kibanda akiujua ubovu huo na kunyamaza, je, ametenda haki?

Chini ya kijiti kuna ulimi mdogo wa chuma unaosugua utepe wa kaboni ili kupima mwelekeo. Msuguano huula utepe huo polepole, na vumbi jekundu la kwetu huzidisha madhara. Vipo vijiti vinavyopima kwa sumaku bila kusuguana. Padi ya Dreamcast ya kampuni ya Sega ilivitumia tangu mwaka 1998. Hata hivyo, padi nyingi zimeendelea kutengenezwa kwa kaboni. Mwaka 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja kwa usumbufu wa padi zao za Joy-Con, na mwaka 2023 kampuni hiyo iliahidi kuzitengeneza bure katika nchi za Umoja wa Ulaya hata baada ya muda wa dhamana. Wateja wa Ulaya walisikilizwa. Kijana wa Karatu aliyenunua padi ya mtumba atamlilia nani?

Baadhi yenu mtasema kijana huyo hakupaswa kuwapo kibandani. Hilo ni suala la malezi, nalo lina uzito wake. Lakini uzembe wa mtoto hauhalalishi kumnyang'anya. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinamdai mfanyabiashara mizani na vipimo vya haki. Padi ni kipimo cha kibanda. Anayetoza fedha kwa padi mbovu ana mizani ya udanganyifu. Basi padi ijaribiwe mbele ya mteja kabla ya malipo, na ikikosea, fedha irudishwe. Muuzaji naye auseme ubovu kabla ya kupokea fedha.

Tena, tusikimbilie kutupa. Padi izimwe, vumbi lipulizwe, na shina la kijiti lisafishwe kwa spiriti kidogo, kisha liachwe likauke. Kofia ya mpira iliyochakaa hubadilishwa peke yake. Kwa baadhi ya michezo, mpangilio unaweza kurekebishwa ili misogeo midogo ya kijiti isihesabiwe. Utepe ukiisha kulika, fundi mwenye bunduki ya risasi ya kuchomelea huondoa kijiti chote na kuweka kipya. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukemea kwa utamaduni wa kutupa. Kijana anayejifunza ufundi huu analinda mazingira na kujipatia riziki halali. Wazazi, msimdharau, na akimaliza kazi, mlipeni ujira wake bila kumzungusha.

Aliye mwaminifu katika shilingi ya mtoto atakuwa mwaminifu pia katika shamba la jirani.

Mungu awabariki nyote.