Karata Mpya, Mfuko Mtupu

Mchezo ambao nguvu zake hununuliwa dukani hauniingii moyoni. Juzi huko Olympic, Kibera, mjini Nairobi, nilimkuta mpwa wangu akipangua karata zake za Magic, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1993. Toleo jipya limetoka; za jana hazifui dafu.

"Mjomba, nikitia moja sharti nitoe moja, zibaki 60," alinambia.

Hapo pana akili, sikatai. Kujua cha kuacha ni kazi. Lakini mwenye fedha hupata karata kali, na asiyenazo hushindwa kabla hajaketi. Bao letu lina kete 64, zile zile kwa tajiri na maskini.

Vijana, chezeni, ila azimaneni karata kwanza, mshindane kwa vichwa.