Bilauri ya Bia na Finjani ya Kahawa

Ulevi ni haramu, na kwetu sisi watu wa pwani hilo halina mjadala. Lakini wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leo nataka kumpa haki yake mwosha bilauri wa bara, kisha niwaulize wenzangu juu ya finjani zetu.

Thika na Ruiru ni miji iliyokulia kati ya mashamba ya kahawa. Bia nayo imepita huko: kampuni ya Afrika Kusini ilifungua kiwanda chake Thika mwaka 1998, kikafungwa 2002. Hoteli nyingi za miji hiyo huuza chakula na pombe chini ya paa moja, hata sisi tupitao kutafuta wali huyaona ya kaunta. Nimemtazama mtumishi akiosha bilauri za bia mbali na sahani na vikombe vya maziwa. Huzisuuza kwa maji baridi hadi sabuni yote iishe. Hazipangusi kwa kitambaa. Huzifudikiza zichuruzike zenyewe.

Hayo si madaha. Povu la bia ni vipovu vya hewa vilivyoshikwa na protini za shayiri. Pakiwa na utando wa mafuta, hata kidogo tu wa kitambaa cha jikoni, vipovu hupasuka na povu hufa. Mnywaji huona papo hapo, na mwosha bilauri huumbuka.

Kahawa yetu haina povu la kutoa ushahidi. Ni nyeusi, ya moto, tena chungu. Husitiri kila kitu. Huko Ruiru wataalamu walihangaika miaka mingi hadi mwaka 1985 wakatoa mbegu ya Ruiru 11, istahimiliyo ugonjwa wa buni na kutu ya majani. Mkulima naye hutoa jasho lake. Kisha kahawa hufika barazani kwetu, ikamiminwa katika finjani iliyochovywa ndani ya ndoo moja tangu alasiri hadi baada ya isha, na midomo ya baraza nzima imekwisha ipitia.

Mwambie muuzaji, naye atakujibu: “Maji haya ni twahara, maalim.” Ni kweli, mate ya binadamu si najisi, wala kahawa si najisi. Lakini sisi tuliokaa chuoni twakumbuka mlango wa maji: maji yakibadilika sana kwa kuchanganyika na kitu twahara, hata jina la maji tupu likayaondoka, yenyewe hubaki twahara lakini hayatwaharishi. Ndoo iliyogeuka rangi ya kahawa ni maji gani basi? Tena twahara ni jambo moja na unadhifu ni jingine. Maradhi ya tumbo hayajui fiqhi.

Simlaumu muuzaji peke yake. Dele lake ni zito, faida yake ni ndogo, na sisi wanywaji hatumdai usafi. Ndoo mbili zingetosha, moja ya kuoshea kwa sabuni na moja ya kusuuzia, na maji yabadilishwe kila yachafukapo. Ikibidi tumwongeze shilingi, tumwongeze.

Kwa hivyo, msomaji wangu, jioni ya leo ukikaa barazani, kabla ya kusema bismillahi, mwombe aisuuze finjani yako kwa maji mapya. Akikuuliza kwa nini, mwambie huko bara wenye kuuza haramu wameshatupita.