PIPA LA MAFUTA YA NDEGE NA MFANYA KAZI



Reli ilifika Makindu mwaka 1898, lakini mji wa Kitui mpaka leo hauna reli. Mwenye ndege ndogo atuaye huko, asipokuta mafuta uwanjani, hana budi kuyaleta mwenyewe kwa gari, ndani ya mapipa. Mwaka 2020 nzige walipoingia Kitui, ndege zilitumwa kunyunyiza dawa, nasi tukawashukuru marubani. Nani alimkumbuka aliyeviringisha pipa?

Pipa la lita 200 lina petroli ya kilo 144 hivi, mbali na uzito wa pipa lenyewe. Huo si mzigo wa utingo mmoja kushusha, hata akiahidiwa bakshishi.

Tena petroli ya ndege, ile ya buluu, si mafuta ya taa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye sigara ya mtu aliye mbali. Ndani yake mna risasi, nayo ni sumu. Basi usiinyonye kwa mpira, wala usinawie mikono.

Mafuta yapitapo mbio katika mpira hufanya umeme, na cheche moja yatosha. Kwa hiyo pipa, pampu na ndege viunganishwe kwa waya kwanza, ndipo kifuniko kifunguliwe. Jerikeni za plastiki tuzikatae. Pipa liachwe litulie ili maji yashuke chini, kisha mafuta yachujwe. Maji yakiingia, injini huzimika angani, na atakayeulizwa kwanza ni yule aliyepampu.

Twasema wazi: waya, pampu yenye chujio, glavu, kizima moto na watu wa kutosha ni gharama ya mwenye ndege, si ya mfanya kazi. Anayeweza kununua ndege hawezi kushindwa na waya.

Wengine huogopa kufukuzwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi aliyeondoka penye hatari kubwa, akiwa na sababu ya haki, asifukuzwe wala asiadhibiwe. Mweleze msimamizi hatari uliyoiona, kisha ulete habari kwa Chama upesi.

Mwenye ndege ni mmoja, sisi tunaombebea mafuta ni wengi. Tukisema neno moja, tutasikiwa.

Umoja ni nguvu.