Swichi Ambayo Mnyonge Hakupewa

Mtumishi aliyejinyima miezi kadhaa hadi akanunua kompyuta yake mwenyewe huifungua kwa furaha, na kabla hajaandika hata herufi moja mtambo humtupia maswali. Je, programu ziruhusiwe kujua mahali alipo? Je, habari za jinsi anavyoitumia kompyuta zipelekwe kwa walioitengeneza Windows, yaani ile programu kuu inayoiendesha mashine yote? Je, maneno anayoyapiga yatumike kuboresha huduma zao? Je, apewe kitambulisho cha matangazo ili wafanyabiashara wamletee yale yanayomhusu? Kando ya kila swali ipo swichi, na kwa kawaida swichi hiyo imekwisha kuwashwa kabla yeye hajaulizwa. Chini kabisa kipo kitufe kimoja kikubwa cha kukubali. Saa ni tatu za usiku, watoto wamejazana nyuma ya kiti, na umeme hauaminiki. Anabonyeza. Tangu dakika hiyo huhesabiwa kuwa ametoa ridhaa.

Ridhaa ya kweli humtaka mtu ajue anachokitoa, amjue anayempa, na aweze kukataa bila ya kudhurika. Kati ya mambo hayo matatu, mtumishi yule hana hata moja lililokamilika. Alichokifanya ni kuchoka, na uchovu wake umeandikwa katika vitabu vya watu wengine kuwa ni mapatano.

Mambo haya hayakuanza jana. Microsoft, kampuni ya Marekani, ilipoitoa Windows 10 tarehe 29 Julai, 2015, iliitoa bure kwa muda wa mwaka mmoja kwa wote waliokuwa na Windows 7 na Windows 8.1. Kitu cha bure hupokewa bila ya kukaguliwa. Aliyeipokea alionyeshwa njia mbili za kuiweka tayari: njia ya haraka, yenye kitufe kinachoonekana toka mbali, na njia ya kujichagulia, iliyoandikwa kwa maandishi madogo pembeni. Aliyefuata njia ya haraka aliiacha karibu milango yote wazi. Habari za matumizi ya mtambo zilipangwa katika viwango vinne, toka kile cha chini kabisa cha usalama tu hadi kile kilichoitwa kamili, na mtumiaji wa kawaida aliwekwa katika kile kamili pasipo yeye kuomba.

Lakini lililo zito zaidi ni jingine. Kile kiwango cha chini kabisa, ambacho kilizuia sehemu kubwa ya habari hizo zisiondoke katika mtambo, kiliwekwa katika matoleo ya Enterprise na Education na yale ya seva. Aliyenunua Home, au hata Pro, aliweza kushuka daraja moja juu ya hapo, basi. Katika Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba, 2021, majina yamebadilishwa: sasa zipo data za hiari na data za lazima. Mwenye Home anaweza kuzizima zile za hiari. Zile za lazima hawezi, na ndiyo maana zikaitwa hivyo. Kumbe lazima hiyo nayo si ya watu wote, kwa kuwa msimamizi wa mitambo ya shirika lenye toleo la Enterprise anayo amri ya kuzizima hata hizo.

Hapo ndipo hila yote inapojianika juani. Laiti ingekuwa kweli kwamba kompyuta haiwezi kwenda salama pasipo kupeleka habari kwa waliounda programu yake, basi wasingepewa uwezo wa kuzuia wale wenye mitambo mingi na siri nzito. Wamepewa. Swichi ipo, imeundwa, imejaribiwa, inafanya kazi, na wanasheria wa mashirika makubwa wanajua ilipo. Asiyekuwa nayo ni mwalimu wa shule ya msingi, karani wa mahakama ya mwanzo, muuguzi, mwanafunzi aliyekopa ili anunue. Faragha, ambayo katiba za nchi nyingi huitaja kuwa haki ya kila mtu, imetiwa katika mizani na kuuzwa kwa daraja: mwenye kununua kwa jumla anaipata, mwenye kununua rejareja anaambiwa ni lazima.

Ili ifahamike neno ridhaa lilivyochezewa katika miaka ile, yafaa kukumbuka kisa cha mwezi Mei 2016. Windows 10 ilipokuwa ikisukumwa kwa watu, dirisha la kuwahimiza wahamie lilijitokeza mara kwa mara. Mtu aliyechoshwa nalo alibonyeza alama nyekundu ya msalaba pembeni, ile ambayo kila mtumiaji wa kompyuta amefundishwa kwamba maana yake ni kufunga na kukataa. Safari hii kuifunga hakukufuta kitu. Saa iliyokwisha kupangwa ya kuhamishwa ilibaki palepale, na watu wakaamka na kukuta mtambo umebadilishwa. Desemba ya mwaka huo, Chris Capossela, aliyekuwa mkuu wa masoko wa kampuni hiyo, alikiri hadharani kwamba walikuwa wamevuka mpaka. Kukiri ni jambo la uungwana. Lakini mtu aliyewahi kuona kukataa kwake kukihesabiwa kuwa ni kukubali asilaumiwe akishuku na vitufe vingine.

Wapo watakaosema kwamba haya ni manung'uniko ya watu wasiopenda maendeleo. Basi na waulizwe Wafaransa. Julai 2016, tume ya Ufaransa inayolinda taarifa za watu, iitwayo CNIL, iliipa kampuni hiyo miezi mitatu ijirekebishe. Iliona kwamba Windows 10 ilikusanya kupita kiasi, mpaka habari za programu zote mtu alizoziweka na muda alioutumia katika kila moja, na kwamba kitambulisho cha matangazo kiliwashwa pasipo mwenyewe kukubali. Kampuni haikufilisika wala mitambo haikuzimika. Ilijirekebisha, na Juni 2017 tume ikalifunga shauri baada ya kuona kwamba hata katika kiwango cha msingi habari zilizokusanywa zilikuwa zimepunguzwa kwa karibu nusu. Nusu nzima iliyokuwa ikichukuliwa kwa jina la mahitaji ya msingi! Oktoba ya mwaka huohuo, mamlaka ya Uholanzi nayo ikatamka kwamba mtu kutobadilisha mpangilio aliowekewa hakumaanishi kwamba ameridhia. Ndiyo hoja yenyewe, na imetamkwa na chombo cha dola.

Na pale sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya masoko ya kidijitali ilipoanza kuyabana makampuni makubwa mwezi Machi 2024, ghafula yaliwezekana mengi yaliyokuwa hayawezekani. Mtumiaji wa Windows katika nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya akaruhusiwa kuiondoa kabisa Edge, programu ya kusomea intaneti ambayo kwingineko imeng'ang'anizwa ndani ya mtambo. Tarehe 14 Oktoba, 2025, ulipofika mwisho wa matunzo ya kawaida ya Windows 10, watu walipewa mwaka mmoja wa nyongeza wa kupata viraka vya usalama. Nje ya Ulaya, aliyetaka nyongeza hiyo alitakiwa alipe dola 30, au atumie pointi za zawadi za kampuni, au, kama alitaka bure, akubali mipangilio ya mtambo wake ihifadhiwe katika hazina za kampuni kupitia akaunti yake. Ulaya sharti hilo la mwisho liliondolewa. Mtambo ni uleule, programu ni ileile, hatari ni ileile. Tofauti ni kwamba huko ilikuwapo sheria na walikuwapo watu wa kuisimamia.

Ni haki pia kuitaja hoja ya upande wa pili, kwa kuwa si yote wayasemayo ni uongo. Habari zinazopelekwa huwasaidia mafundi kujua ni kiraka kipi kilichokwama na ni kifaa kipi kisichoelewana na programu mpya. Kompyuta zilizotapakaa duniani kote haziwezi kutunzwa kwa kubahatisha. Hilo linakubalika. Lisilokubalika ni kutumia haja hiyo ndogo na halali kama kanzu ya kuficha mambo mengine chini yake. Fundi wa kurekebisha hitilafu hahitaji kujua mtu amesoma kurasa gani za intaneti, na hizo zimo katika data zinazoitwa za hiari. Tena kampuni yenyewe, katika maelezo yake, inasema kwamba mtambo unapoanguka ghafula, data za hiari zaweza kubeba hali ya kumbukumbu ya kompyuta wakati ule, na humo zaweza kuingia, bila ya kukusudiwa, sehemu za faili mtu aliyokuwa akiishughulikia.

Maneno hayo yasomwe mara ya pili na kila mtumishi wa umma. Mwalimu mkuu anaandika barua juu ya mwanafunzi aliyepata mimba. Ofisa utumishi anaandaa shauri la nidhamu. Mganga wa zahanati anajaza orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kompyuta inaganda, inazima, inawaka tena, na kazi inaendelea. Kipande cha faili ile chaweza kuwa kimekwisha kusafiri kwenda nchi nyingine, na hakuna aliyekusudia, hakuna aliyejua.

Kwa sababu hiyo ile kauli maarufu ya kwamba mtu mwema hana la kuficha haifai kutamkwa na mtumishi wa umma. Siri iliyomo katika kompyuta yake si yake. Ni ya mtoto, ya mgonjwa, ya mjane aliyeleta malalamiko ya kiwanja. Yeye ni mtunzaji tu, na mtunzaji hana mamlaka ya kuridhia kwa niaba ya watu ambao hata hawajui kwamba majina yao yamo mle. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Kenya ilikwisha kutunga yake mwaka 2019. Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya mabenki na makampuni ya simu peke yake. Zinamhusu pia anayeweka orodha ya darasa katika kompyuta yake ya mkononi na kurudi nayo nyumbani.

Anayedhani kwamba tamaa ya kukusanya imepoa, na aitazame Recall. Tarehe 20 Mei, 2024, Microsoft ilitangaza kwamba kompyuta zake za aina mpya zitapiga picha ya skrini kila baada ya sekunde chache na kuziweka, ili mwenyewe aweze kutafuta chochote alichowahi kukiona. Picha zingebaki ndani ya kompyuta yenyewe, nalo hilo lisemwe kwa haki. Lakini mpango wa kwanza ulikuwa iwe imewashwa tangu mwanzo, na wataalamu wa usalama wakaonyesha kwamba maandishi yaliyotolewa katika picha hizo yaliweza kusomwa kwa urahisi na programu ya mwizi iliyokwisha kuingia. Makelele yalipozidi, tarehe 7 Juni kampuni ilirudi nyuma: Recall haitawashwa ila mwenyewe aiwashe. Ilicheleweshwa, ikafanyiwa marekebisho, ikatolewa kwa watu Aprili 2025. Kwa hiyo siku kumi na nane za kelele zilitosha kuigeuza swichi toka kuwashwa hadi kuzimwa. Waliopaza sauti hawakuwa na jeshi.

Wakati huohuo isije ikadhaniwa kwamba dawa ni kukimbilia zile programu ndogondogo zinazogawiwa mitaani kwa ahadi ya kuifanya Windows isiseme na mtu. Nyingi huzima hata viraka vya usalama, na kompyuta isiyopata viraka ni nyumba iliyofungwa madirisha ikaachwa mlango. Yaliyo katika uwezo wa mtu wa kawaida ni machache, nayo yafanywe. Katika mipangilio ya faragha na usalama azime data za hiari, azime kitambulisho cha matangazo, azime yale mapendekezo yanayotengenezwa kutokana na habari zake, azime utumiaji wa maandishi anayoyapiga, kisha aziamuru zifutwe zile zilizokwisha kukusanywa, maana kitufe cha kuzifuta kipo papo hapo. Mahali alipo aviruhusu tu vile visivyoweza kufanya kazi pasipo kujua. Kila baada ya sasisho kubwa arudi kutazama. Shughuli hiyo humchukua mtu robo saa.

Ila robo saa ya mtu mmoja haiwezi kuwa ndiyo sera ya serikali. Shule na halmashauri hazinunui kompyuta kama anavyonunua mwalimu dukani. Hununua kwa zabuni, na zabuni huandikwa. Humo huandikwa ukubwa wa kumbukumbu, kasi ya mtambo, miaka ya dhamana. Hakuna kinachozuia kuongezwa mstari unaotaka toleo lenye ile amri ya kuzima, na mwingine unaotaka mitambo ikabidhiwe ikiwa imekwisha kuzimwa, data za hiari na za lazima, kabla haijafika mezani kwa mtu yeyote. Shule zinastahili toleo la Education, ambalo amri hiyo imo. Msimamizi mmoja wa mitambo wa wilaya akiandika sera hiyo mara moja aweza kuzipelekea kompyuta zote alizoziunganisha. Kwa kuwa matunzo ya kawaida ya Windows 10 yamekwisha, ofisi nyingi hazina budi kubadilisha mitambo yake, na kila mtambo mpya utakuja na yale maswali ya usiku wa kwanza, na swichi zake zimekwisha kuwashwa.